Kushuka si kufa, ila mikataba iangaliwe

Juni 2023 Hamburg na Mbeya zililia mwezi mmoja. Huku Ujerumani, HSV, klabu ya Hamburg, ilipigwa 3-0 na Stuttgart kwenye mtoano wa kupanda. Marudiano ikatangulia kufunga, halafu ikalala 3-1. Nyumbani, Mbeya City ilitolewa na KMC, ikaangukia mikononi mwa Mashujaa: 3-1 Kigoma, 1-0 pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwaheri Ligi Kuu. Mwaka 2025 zote mbili zikapanda. Kwa hiyo anayemcheka shabiki anayesema "tutarudi" siku ya msiba hajui mpira.

Ila tofauti ipo, na haiko kwenye mapenzi. Wajerumani hawatuzidi kupenda. Siku chache kabla ya ule mtoano, mashabiki wa HSV walimwagika uwanjani Sandhausen wakishangilia kupanda. Kumbe kule Regensburg mpira unaendelea, Heidenheim, iliyokuwa ikigombea nafasi hiyo hiyo, ikafunga penalti dakika ya 93 na bao jingine dakika ya 99. Watu wakabaki katikati ya nyasi wameshika simu. Msimu uliofuata uwanja wa HSV, daraja la pili hilo hilo, ukaingiza wastani wa watu zaidi ya 50,000.

Kinachowabeba ni tiketi ya msimu. Mechi 17 za nyumbani zinalipiwa kabla mpira haujaanza kudunda, na asiyelipa kwa tarehe yake, kiti kinauzwa. Ikifika Julai, klabu inajua ina kiasi gani cha kusajili. Kwetu shabiki analipa mlangoni, tena timu ikiwa inashinda na mvua haijafunga. Wagonga Nyundo, yaani Mbeya City, walizaliwa na Halmashauri ya Jiji, na bajeti ya Jiji inaanza Julai 1 ikiwa na madawati na barabara ndani yake. Mpira unasubiri foleni.

Sasa, timu ikishashuka, usitazame kwanza nani mshambuliaji mpya. Uliza wachezaji wangapi wana mkataba unaovuka Juni. Wengi wakiwa na mwaka mmoja mmoja, umeshapoteza kikosi bure, bila hata shilingi ya mauzo. Uliza na mishahara. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asipolipwa miezi 2 anaandika barua, anatoa siku 15, zikipita anavunja mkataba na haki iko kwake. Akishinda kesi na klabu isilipe, inafungiwa kusajili. Hapo ndipo timu nyingi zinazoshuka huzama moja kwa moja, si kwa sababu ya kocha. (Kocha tunamfukuza kwa sababu ni mmoja, wachezaji ni 25.)

Halafu Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu yetu, ni safari. Timu 16, mechi 15 ugenini, na ukitokea Mbeya karibu kila pahali ni mbali. Timu inayofika jioni kwa basi na kucheza kesho yake mchana, miguu inakataa dakika ya 70. Wawili wa juu wanapanda bila maswali. Wa 3 na wa 4 wanapelekwa kwenye mtoano, na mtoano tunaujua. Pointi 2 zilizoachwa ugenini kwa uchovu ndizo zinazokutupa nafasi ya 3.

Wazee watakutajia Tukuyu Stars ya mkoani Mbeya, ubingwa wa ligi wa 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda. Ni kweli, na inapendeza kusikia. Lakini piga hesabu hii pia: watu 1,000 wakitoa 5,000 kila mwezi kwa lipa namba ya klabu ni milioni 60 kwa mwaka. Gawa kwa safari 15, unapata milioni 4 kila safari: dizeli, chakula, na kulala usiku 2 badala ya mmoja. Watu 1,000 hawajazi hata upande mmoja wa Sokoine, na soko la Mwanjelwa peke yake unawapata kabla ya saa 4 asubuhi.