Ukipigwa tochi, bima yako ipande?

Dereva aliyepita kijiji chenye kibao cha 50 kwa kilomita 72 kwa saa, akapigwa tochi kabla ya kufika Chalinze, analipa Sh 30,000 na safari inaendelea. Bima yake ikiisha mwezi ujao ataikata kwa bei ile ile ya jirani yake ambaye hajawahi kuandikiwa kosa hata moja. Kwa Uingereza mambo ni tofauti. Kosa kama hilo kwa kawaida lingemletea faini ya pauni 100 na pointi tatu kwenye leseni, na kampuni ya bima ingekuwa na haki ya kumuuliza habari zake kwa miaka mitano. Wapo wanaosema na sisi tufanye hivyo: mwendo kasi uonekane kwenye stika ya bima, usiishie kwenye faini tu. Hoja ina uzito, lakini kabla ya kuikubali ni vizuri kuangalia mashine ya Waingereza inavyofanya kazi na kipi hasa kwetu hakipo.

Kule kamera inapiga picha namba ya gari, na ndani ya siku 14 barua inapaswa kumfikia mwenye gari aliyesajiliwa. Naye ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Asipomtaja, anashtakiwa kwa kosa jingine lenye msimbo MS90, ambalo adhabu yake ni pointi sita, mara mbili ya kosa la awali, na kampuni za bima huliona baya zaidi kuliko SP30, msimbo wa kawaida wa mwendo kasi. Pointi zinakaa kwenye leseni miaka minne. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida mtu anafungiwa kuendesha. Aliyezidisha kidogo anaweza kupewa nafasi ya kulipia kozi ya usalama badala ya pointi, na kampuni nyingi hazimpandishii bei kwa hilo, ingawa zipo zinazouliza hata kozi.

SP30 moja kwa mtu mzima mwenye historia safi huongeza bei kidogo. Ya pili, au moja kwa kijana mwenye leseni changa, ndiyo inayouma. Kuficha kunauma zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2012, aliyedanganya makusudi anaweza kufutiwa mkataba mzima, na aliyekosea kwa uzembe hulipwa kwa uwiano: kama alilipa pauni 600 wakati bei yake halali ilikuwa 800, fidia ya gari lake inakuwa 75% tu. Ndugu zetu walioko huko wanaochangia bima moja ya familia wakumbuke kwamba makosa ya dereva wa pili nayo huulizwa, na kampuni inaweza kuyahakiki kwa namba ya leseni.

Turudi nyumbani. Bei ya bima ya gari Tanzania inajengwa juu ya gari zaidi kuliko juu ya dereva. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlipa mtu wa tatu uliyemgonga, imezoeleka kuwa Sh 118,000 kwa mwaka: 100,000 ya bima na 18,000 ya VAT. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, hukokotolewa kwa thamani ya gari, na kiwango kinachotumika sana kwa gari binafsi ni 3.5%. Gari la milioni 15 linadaiwa 525,000, weka VAT 94,500, jumla 619,500. Fomu nyingi za maombi zina swali kuhusu kutiwa hatiani kwa makosa ya barabarani, ila hujazwa "hapana" kwa mazoea, na faini iliyolipwa kwa simu bila kufika mahakamani watu hawaihesabu kuwa hatia.

Wanaotaka kosa la mwendo kasi lipandishe bei ya bima wana fizikia upande wao. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari lililo kwenye 70 linagonga kwa nguvu karibu mara mbili ya lililo kwenye 50, na breki zake zinahitaji karibu umbali maradufu kulisimamisha. Kampuni ya bima ndiyo inayobeba gharama ya tofauti hiyo: bodi, injini, hospitali ya mtu wa tatu. Kusema mwendo si jambo lake ni kichekesho. Ni kweli pia kwamba mwendo tayari unagusa bei kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa ukigonga na kudai unapoteza punguzo la kutodai na unabeba sehemu ya hasara mwenyewe. Lakini punguzo hilo linapotea baada ya mtu kugongwa. Nyongeza ya bei ingemfikia dereva kabla, na ingekaa naye miaka, wakati 30,000 husahaulika kabla ya kufika Morogoro. Kwa sasa anayetii vibao anamchangia asiyevitii.

Upande wa pili unaanza na kikokotoo. Tuchukulie nyongeza ya 20% kwa aliyeandikiwa mwendo kasi, tarakimu ya mfano tu. Mwenye bima ndogo ataongezewa 23,600, ambayo haifiki hata faini yenyewe. Mwenye bima kubwa ya gari la milioni 15 ataongezewa 123,900, zaidi ya faini nne. Yaani kosa ni moja, barabara ni moja, na anayechapwa zaidi ni yule aliyejitolea kukata bima ambayo sheria haikumlazimisha. Tena ana mlango wa kutokea: mwaka unaofuata anashuka kwenye bima ndogo. Badala ya 743,400 analipa 141,600, anaokoa 601,800, na mwendo wake unabaki ule ule. Ukisema basi nyongeza iwe shilingi sawa kwa wote, umetengeneza faini ya pili ambayo inaenda kwenye kampuni badala ya Hazina.

La pili ni ubora wa habari yenyewe. Faini yetu ni 30,000 kwa aliyepita na 58 kwenye kibao cha 50 na kwa aliyepita na 110. Kiasi hicho hakiiambii kampuni chochote kuhusu hatari. Kenya angalau walipanga ngazi mwaka 2016: kuzidisha kilomita 6 hadi 10 ni Sh 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Na kwetu tochi mara nyingi inapima njia uliyopita kuliko tabia yako. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anavuka vijiji vingi vyenye kibao cha 50, vingine mteremkoni, na nafasi yake ya kunaswa ni kubwa kuliko ya anayekanyaga mafuta usiku ndani ya jiji ambako hakuna trafiki. Watetezi watajibu kwamba anayesafiri sana pia ana nafasi kubwa ya kupata ajali. Sawa, lakini hapo umepima kilomita, na kilomita zinasomeka kwenye dashibodi bila kumtuma askari barabarani.

La tatu ndilo zito kuliko yote: nani alikuwa kwenye usukani? Deni la faini linatafutwa kwa namba ya usajili wa gari, ndiyo maana anayenunua gari la mkononi huambiwa aangalie kwanza kama lina madeni. Gari moja linaendeshwa na baba, kijana wake, fundi anayelijaribu na rafiki aliyeazima kwenda msibani. Nyongeza ikikaa kwenye gari, analipa mwenye kadi. Ikikaa kwenye leseni, lazima kuwe na mtu anayelazimishwa kumtaja dereva, na adhabu ya kukataa iwe kubwa kuliko ya kosa lenyewe, kama MS90 ilivyo. Hata hapo ujanja haukomi. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati wa Uingereza, alifungwa miezi minane Machi 2013, pamoja na aliyekuwa mkewe, kwa sababu pointi za mwendo kasi wa mwaka 2003 zilibebeshwa mke. Kwetu pasipo leseni yenye pointi, njia ni fupi zaidi. Kosa likianza kuwa na uzito wa 153,900 kwa mwenye bima kubwa, faini na nyongeza pamoja, hamu ya kumalizana hapo hapo barabarani inapanda pia.

Kwa gari binafsi, basi, hesabu inakataa kwa sasa. Kwa mabasi ya mikoani inakubali, na ajabu ni kwamba mjadala huanza na magari binafsi. Basi lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa na kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Tochi inakuona kwa sekunde moja. VTS inaona safari nzima, kwa hiyo inaweza kusema basi lilikaa juu ya 80 kwa dakika ngapi na wapi. LATRA imeleta pia kitufe cha kumtambulisha dereva kabla ya kuondoka, jambo linalojibu swali la usukani. Na mmiliki wa basi ndiye anayepanga ratiba inayomfanya dereva akimbizane na muda, hivyo bei ikimpandia yeye imefika panapostahili.

Palipo na kifaa pana pia wa kukichezea: waya unachomolewa, kitufe cha mwenzako kinatumika. Dawa yake ni kuhesabu pengo la taarifa kuwa kosa sawa na mwendo wenyewe, vinginevyo wenye mabasi korofi ndio watakaokuwa na rekodi safi. Rekodi nayo iwe na mwisho, tuseme miaka mitatu, ili aliyebadilika aone faida.

Kinabaki kikwazo kimoja ambacho askari hawezi kukitatua. Viwango vya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ni vya chini kabisa: kampuni inaweza kupanda, haiwezi kushuka. Kampuni zinagombea wateja na nyingi zimekaa pale pale sakafuni. Ya kwanza kuongeza bei kwa basi linalokimbia itampoteza mteja kwa kampuni ya mtaa wa pili, ambayo haina rekodi hiyo. Na mwenye mabasi yanayokwenda vizuri hawezi kupewa punguzo, kwa kuwa sakafu inazuia. Stika za bima tayari zinasajiliwa kwenye mfumo mmoja wa TIRA. Kuingiza humo muhtasari wa VTS ili kila kampuni iuone, kisha kuruhusu bei ishuke chini ya sakafu kwa basi lenye rekodi safi, ni kazi ya kanuni na kompyuta, na inaweza kuanza bila kuongeza tochi hata moja barabarani.