Potasiamu ikiwa "sawa", msimrudishe nyumbani bado

"Potasiamu yake iko sawa. Mrudisheni nyumbani, ale tu." Kauli hii, kuhusu madini ya damu yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, imezoeleka mno hapa Tanga kila anapoletwa kupimwa binti aliyejinyima chakula kwa miezi mpaka mifupa ya mabega inahesabika. Wazazi wanashusha pumzi, wanapanda bajaji, wanarudi Makorora au Pongwe wakiamini hatari imepita. Inaniudhi sana, kwa kuwa ina makosa mawili kwa mpigo. Majibu yale hayasemi kile yanachodhaniwa kusema, na hilo "ale tu" ndilo linaloweza kuusimamisha moyo wake.

Tuanze na namba. Kipimo kikisoma kati ya 3.5 na 5.0, milimoli kwa lita, huitwa cha kawaida. Lakini karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, nyingi kwenye misuli, na sindano inachota ile kidogo iliyo nje. Mwenye anoreksia nevosa, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, kama hatapiki bali anajinyima tu, mwili wake unaila misuli yake wenyewe. Kila seli inayovunjwa inamwaga potasiamu kwenye damu, na figo zinajitahidi kuibakiza. Ndiyo maana majibu yanatoka 3.9 au 4.2 wakati akiba imepungua vibaya. Kumwita salama kwa namba hiyo ni kutazama bidhaa za kaunta ukaapa kwamba stoo imejaa.

Na namba yenyewe ina walakini wake. Mpira ukikazwa mkononi kwa muda mrefu, mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi ili mshipa utokeze, damu ikavutwa kwa pupa mpaka seli nyekundu zikapasuka, potasiamu inapanda ndani ya kichupa wakati ya mgonjwa iko pale pale chini. Damu iliyotolewa asubuhi kituo cha pembezoni, ikakaa kwenye friji bila kutenganishwa, ikafika mjini jioni, nayo husoma juu kuliko ukweli. Mwenye 2.9 anaweza kuandikiwa 3.6. Maabara ikieleza kwamba seli zimepasuka, damu itolewe upya siku hiyo hiyo, bila kufunga mpira muda mrefu na bila ngumi.

Potasiamu ikiwa chini kweli, hasa chini ya 3.0, jueni kwamba njaa peke yake ni nadra kuishusha kiasi hicho. Kuna kitu kinaitoa: kujitapisha, dawa za kuharisha, dawa za kukojoza. Sanamaki, majani ya kuharisha, inapatikana kirahisi kwa wauza dawa za asili, na chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki hiyo hiyo ndani. Tazameni mashavu yaliyovimba chini ya masikio, meno yaliyolika upande wa ndani, sugu kwenye vifundo vya vidole, safari ya chooni kila baada ya mlo. Potasiamu iliyoshuka yenyewe hulegeza mapaja, huleta choo kigumu na mkojo mwingi, na moyo unaanza kuruka mapigo.

Wengi hudhani potasiamu inatoka na matapishi. Inayotoka humo ni kidogo, kama milimoli 5 hadi 10 kwa lita. Anachopoteza kwa kutapika ni asidi, kloridi (iliyomo pia kwenye chumvi ya kula) na maji. Damu inaelemea upande wa alkali, figo zinaanza kutupa bikaboneti, yaani alkali iliyozidi, kwenye mkojo, na bikaboneti inaondoka na potasiamu. Mwili uliokauka nao unatoa homoni ya aldosteroni ili kuibana chumvi, na gharama ya kuibana ni potasiamu zaidi kwenda na mkojo. Kwa hiyo anaendelea kuipoteza hata saa ambazo hatapiki. Tundu liko kwenye figo, na haliwezi kuzibwa mpaka maji na kloridi virudi.

Sasa njooni kwenye madafu na ndizi, ushauri ambao kila jirani anao. Nakubali, madafu yana potasiamu ya kutosha: glasi moja ya robo lita ina kama miligramu 600, yaani milimoli 15 hivi. Ndizi mbivu ya wastani ina kama milimoli 11. Lakini potasiamu ya damu ikishuka kutoka 4 hadi 3, mwili kwa kawaida umeshapungukiwa milimoli 200 hadi 400. Chukueni 300 ya katikati: ni ndizi 27 au glasi 20 za madafu, kwa mtu ambaye kipande kimoja cha ndizi kinamtoa jasho la hofu, na ambaye huenda akakitapika. Zaidi ya hapo, potasiamu ya matunda haiji na kloridi ya kutosha, na kwa anayetapika kloridi ndiyo inayokosekana. Kama figo zimeshaumia kwa ukavu wa muda mrefu, madafu mengi yanaweza kuipandisha potasiamu kupita kiasi, nako kuna kifo. Wanywe madafu walio wazima. Huyu anahitaji kloridi ya potasiamu iliyopimwa.

Vidonge vyake vya miligramu 600 vina milimoli 8 kila kimoja. Vinamezwa na glasi nzima ya maji, mgonjwa akiwa amekaa wima, wala asilale mara baada ya kumeza, maana kidonge kikikwama kinaunguza koo la chakula, na koo la anayejitapisha tayari lina vidonda. Kwake dawa ya maji ni bora. Ikibidi dripu, chupa ndogo ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20, na haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja: inaua. Inachanganywa kwenye lita moja ya dripu ya chumvi, mfuko unageuzwageuzwa mara kadhaa ili dawa isitulie chini, na isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono kama hakuna mashine inayofuatilia moyo. Isichanganywe kwenye dripu ya sukari, kwa sababu sukari inaita insulini na insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli, kwa hiyo namba inazidi kushuka huku dawa inaingia. Na ikigoma kupanda baada ya yote hayo, ulizeni magnesiamu, madini mengine ya damu. Hiyo ikiwa chini, figo zinaivujisha potasiamu haraka kama mnavyoiweka.

Insulini hiyo hiyo ndiyo inayoifanya "ale tu" kuwa hatari. Mwili uliokaa na njaa umezima insulini na unaishi kwa mafuta. Akipewa ghafla sahani ya wali na chai yenye sukari nyingi, insulini inaruka, na seli zenye njaa zinavuta kwa pamoja potasiamu, magnesiamu na hasa fosfeti kutoka kwenye damu. Ile 3.9 ya jana inaweza kuwa 2.8 keshokutwa. Moyo uliokonda unakosa mpigo, kifua kinakosa nguvu ya kupumua, miguu inavimba. Mara nyingi hutokea ndani ya siku tano za mwanzo wa kulishwa, nyumbani, watu wakifurahi kwamba hatimaye mtoto anakula. Baada ya Vita Kuu ya Pili jambo hili lilionekana kwa wafungwa wa vita waliokuwa wameshinda njaa, wakaanza kuumwa moyo walipolishwa.

Ramadhani inanitisha kuliko mwezi mwingine wowote. Mchana hakuna anayeshangaa kwamba binti hali chakula. Magharibi anawekewa tende, uji wa sukari, kaimati na tambi kwa pamoja, na mama anamsihi asibakishe. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, iko wazi katika Al-Baqara aya ya 184, na anoreksia ni ugonjwa. Naomba maimamu wa Tanga walitamke hilo misikitini kabla mwezi haujaandama.

Aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula karibu chochote, au aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi michache, aanzie kulishwa hospitali. Apewe vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, miligramu 200 hadi 300 kwa siku, na iendelee siku kumi za mwanzo. Mwongozo wa 2006 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa walio katika hatari kubwa. Wodi nyingi za anoreksia siku hizi huanza juu zaidi, kwa sababu kumlisha kidogo mno nako kunammaliza. Wanabishana kuhusu kiasi, lakini kuhusu vipimo wanasema neno moja: potasiamu, fosfeti na magnesiamu kila siku mwanzoni, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Kwa mkoa huu hospitali ya rufaa ni Bombo. Kama kituo mlichopo hakipimi fosfeti, ombeni barua ya rufaa badala ya kukubali "ale tu".

Wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu: jina la anoreksia nevosa alilitoa daktari William Gull huko London katika miaka ya 1870, lakini figo za Ngamiani zinafuata kanuni zile zile. Na vijana wa kiume wamo pia.

Jambo moja wazazi hawaambiwi kabisa. Akiacha kujitapisha au akiacha sanamaki, ile aldosteroni inabaki juu kwa muda, na mwili unashika chumvi na maji. Miguu na uso vinavimba, mizani inapanda kilo kadhaa kwa siku chache, zaidi kama amemiminiwa dripu ya chumvi kwa haraka. Binti anaona jambo lile aliloliogopa siku zote, anarudi chooni, na potasiamu inashuka tena. Mwambieni mapema, kabla hajauona uvimbe: ni maji, si mafuta, na yanapungua ndani ya wiki chache. Msimpime uzito kila siku mbele yake. Dripu iende polepole, na asichukue dawa ya kukojoza ili kuutoa uvimbe, isipokuwa daktari anayejua historia yote ndiye aliyeiandika.