Posa Iliyofika Kabla ya Mshenga

Nilisomea uhazili enzi ambazo ukiinua macho kutoka kwenye karatasi unayonakili, mwalimu anakuchapa rula. Ndiyo maana mpaka leo, hapa steshenari yangu mjini Mtwara, nikichapa barua sitazami skrini wala vidole. Wateja hunisifu sana kwa hilo.

Basi akaingia mjomba mmoja kutoka Mikindani na karatasi ya daftari aliyoikunja mpaka imekuwa kama hirizi. Posa ya mpwa wake. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli kwenye mambo hayo, na huyu alikuja nayo yote: "Mwanangu, iandike ikae vizuri, wasije wakadhani kijana tumemwokota."

Sijamaliza hata anwani, kwenye kona ya skrini ikachungulia taarifa kutoka grupu la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mimi ndiye ninayewachapia mihtasari, kwa hiyo wameniweka humo. Tangazo la mnada wa korosho! Nami nina mzigo wangu kidogo ghalani. Nikabofya. Kimya. Kompyuta yenyewe ni ajuza, ukiituma jambo inajishauri kwanza. Nikaachana nayo, macho yakarudi kwenye karatasi ya mjomba, vidole vikaendelea.

Kumbe imeshamaliza kujishauri. Dirisha la grupu likafunguka katikati ya skrini, juu ya barua, wakati upande wa kulia nafasi ilikuwa tupu kabisa. Na halikuridhika kufunika tu, likachukua na kibodi. Kile kimstari kinachopepesa kikahamia kwenye kisanduku cha ujumbe, na humo ukibonyeza Enta, umetuma. Barua rasmi nayo, mnajua wenyewe, kila mstari Enta.

Ikaenda "YAH: MAOMBI YA POSA". Ikafuata "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Ikafuata "Tumeona ua katika bustani yenu ya Chuno, nasi kwa heshima na taadhima tunaomba kulichuma". Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani mfululizo. Nikajisemea bei leo imepanda.

Nilipokuja kuinua macho, wanachama walikuwa kazini.

"Ua gani tena? Mimi nasubiri hela ya korosho."

Katibu: "Mjumbe anaombwa kufuata ajenda."

Mzee mmoja mwenye wake wawili: "Nimepokea. Naomba muda niwaulize walioko nyumbani."

Mwingine akataka mahari iwe daraja la kwanza, la pili harudishi hata jibu.

Mjomba akainama kwenye skrini. "Mwanangu, barua yetu mbona inajibiwa na hatujaituma?"

Nikamweleza kwamba limejifungua dirisha jingine juu ya letu.

"Halikupiga hodi?"

Swali hilo wataalamu wamelihangaikia miaka mingi. Programu ya kupanga madirisha ya twm, ya mwaka 1987, ilikuwa na adabu: ilikuonyesha fremu tupu kwanza, dirisha likasubiri ubofye pa kuliweka. Windows, tangu toleo la 98, iliizuia programu iliyoko nyuma isijisukume mbele. Kitufe chake kinamulika tu kule chini mpaka utake mwenyewe kuitazama. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, kuna KDE inayosimamia madirisha, nayo hulinganisha saa: dirisha liliitwa lini, na mwenye kompyuta ameandika lini mara ya mwisho kwingineko. Ukiwa umeshaendelea na kazi nyingine, lililochelewa linapaswa kukaa nyuma. Tatizo ni kwamba ulinzi huo huja umewekwa kiwango cha chini, na kwa kiwango hicho dirisha lisilojieleza liliitwa saa ngapi hupitishwa tu. Kwangu mimi hapo wamekosea. Anayeandika asiguswe, na mgeni afunguke palipo wazi.

Nikampigia mdogo wangu, yeye ndiye aliyeniwekea Linux hiyo. Akaniambia nipandishe ulinzi mpaka mwisho. Nikapandisha. Tukamaliza barua salama, nikaamuru ichapwe, printa kimya. Nikazima printa, nikawasha. Nikagonga ubavu wake. Kumbe kile kidirisha cha kuuliza nakala ngapi kilikuwa kimejificha nyuma ya barua kikingoja ruhusa, maana kwenye kiwango hicho hakuna dirisha linalopewa kibodi mpaka ulifuate wewe.

"Lile halina adabu, hili lina haya kupita kiasi," mjomba akasema. Nikarudisha ulinzi kati kwa kati: nililoliita sasa hivi lije mbele, lisiloeleweka likae nyuma. Hapo ndipo tumeelewana mpaka leo.

Tukiwa tunatia barua kwenye bahasha, ikaingia meseji ya mwanachama ambaye muda wote alikuwa hajasema neno. "Posa imesomeka. Bahasha yake na kilichomo viko wapi?"

Alikuwa baba wa binti. Chuno kwake.

Posa walikubali, ila na faini juu, kwa kutangaziwa mtoto wao mbele ya AMCOS nzima kabla ya mshenga kufika. Mjomba akarudi dukani, akauliza kuchapa ukurasa mmoja ni shilingi ngapi, akaitoa hiyo kwenye faini, akaniandikia kwenye kikaratasi kiasi ninachodaiwa.