TV inayokula balbu

Hivi nani alibuni TV ya kubadilishiwa balbu kama tochi? Hizi za zamani zinazorusha picha kwenye skrini kutoka nyuma yake, zenye mgongo mnene, nyingi zinategemea kibalbu kimoja tu. Kikichoka, picha inafifia taratibu mpaka kila filamu unadhani imepigwa usiku. Halafu siku moja, pap! Giza totoro.

Unachomoa waya ukutani, unasubiri nusu saa ipoe, maana lile joto si la mchezo. Unafungua kifuniko, unahangaika na skrubu, na moja lazima idondokee ndani (siku zote ni ile ya mwisho). Balbu mpya nayo ina madaha yake: kioo hakiguswi kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaweza kukipasua kikishapata moto. Ile ya zamani ina zebaki, kwa hiyo hata kuitupa ovyo huwezi.

Haya, nimeweka. Nawasha. Kimya. Kijitaa cha mbele ya TV kinanikonyeza tu. Nikapiga magoti, nikakagua waya, nikasali. Kumbe kifuniko hakijakaa sawasawa, na pale nyuma yake kuna kiswichi kinachogoma kisipobanwa. Milimita 2! Dakika 40 za maisha yangu zimeliwa na milimita 2!

Ikaja kuwaka, ikaniandikia "badilisha taa". Si nimeshabadilisha jamani! Eti mpaka uingie kwenye menyu uirudishe mwenyewe kwenye sifuri hesabu ya saa ambazo balbu imetumika. Balbu nimeinunua mimi, nimeifunga mimi, na taarifa niipeleke mimi.