Mnunuzi wa korosho anajua nini ambacho sisi hatujui?

Jamani wadau wa kusini, msimu ukikaribia kila mtu anauliza bei ya mnada itakuwaje, ila wachache tunajiuliza yule mnunuzi kaja na taarifa gani mkononi. Wawekezaji wakubwa saivi hawasubiri takwimu za serikali wala ripoti za kampuni, wananunua data za pembeni, yaani picha za satelaiti, mwendo wa meli, miamala ya kadi, hadi vitu watu wanavyotafuta mtandaoni. Marekani mwaka 2010 wachambuzi wa benki ya UBS walitumia picha za angani kuhesabu magari kwenye paking za Walmart, wakakadiria mauzo kabla kampuni haijatangaza.

Sasa lete hilo huku kwetu Tandahimba, Mtwara. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinapiga picha kila baada ya siku chache, bure kabisa, na kila kidoti ni mita 10 kwa 10. Meli kubwa nazo zinarusha mawimbi ya kuonyesha zilipo, kwahiyo mtu yuko India au Vietnam anaona nini kimetia nanga bandari ya Mtwara.

Wanaotetea data hizi wana hoja na mimi naikubali: mnunuzi asiyejua mavuno yakoje anajilinda kwa kushusha bei, akiwa na uhakika anaweza kupanda dau. Benki nayo ikiona shamba kweli lipo, mkulima asiye na hati ana pa kuanzia.

Ila satelaiti inaona majani, haioni korosho. Maua yakipigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, au mvua ikinyesha wakati mikorosho imechanua, mti unabaki kijani vilevile na wewe huna hata gunia, halafu huku kwetu mikorosho imechanganyikana na miembe, na kangomba, yaani wanunuzi wa magendo wanaokusanya kimyakimya, hawaonekani kwenye picha wala kwenye vitabu vya AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika. Na Novemba 2018 serikali iliposema inanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, picha gani ya angani ingemwambia mtu hilo? Hata Google walikuwa wanakadiria mafua kwa kuangalia watu wanatafuta nini, msimu wa 2012/13 wakazidisha vibaya mno.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, data ikiwa ya upande mmoja faida nayo inakuwa ya upande mmoja. Mnadani wakulima tuna haki ya kukubali au kukataa bei, sawa, lakini unakataa kwa kujua nini wakati korosho iko ghalani na ada ya mtoto inadaiwa? Ivory Coast ndo mzalishaji mkubwa na wao wanavuna kuanzia Februari, sisi tunaanza Oktoba, kwahiyo mavuno yao yakiwa mabaya viwanda vya Asia vinaingia kwenye msimu wetu vikiwa na njaa. Picha zilezile za bure zinaifunika na Ivory Coast. Vyama vikuu vyetu vya ushirika, TANECU na MAMCU, wakiweka vijana wawili watatu wanaojua kuzisoma, tunakaa mezani tukiwa na kitu.

Halafu kuna usajili wa pembejeo. Tumetoa majina, namba za simu na ukubwa wa mashamba ili tupate salfa ya kupulizia mikorosho, hatukutoa ili mtu akapigie hesabu ya kutununua. Mwaka 2021 Marekani kampuni ya App Annie ilitozwa zaidi ya dola milioni 10 kwa sababu iliahidi kuchanganya data za wateja isiweze kujulikana ya nani, kumbe ikazitumia kurekebisha makadirio iliyokuwa inawauzia wawekezaji. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ipo, inafanya kazi.

Mimi sitaki data hizi zipigwe marufuku. Nataka mkutano ujao wa AMCOS yetu, kabla ya mnada wa kwanza, tusomewe mavuno ya Afrika Magharibi yamekuwaje, na tuambiwe daftari letu la usajili limeonwa na nani.