Maji Yalisingiziwa

Kwa kuwa Mdomo, mwenzangu wa fildi, ameshaimwaga habari yangu ya kiwandani kwenye grupu la darasa, tena kwa chumvi ya kilo nzima, acha niisimulie mwenyewe. Kwanza, kiwanda hakikufungwa. Pili, sikulia. Yalikuwa macho na mvuke wa etha, kimiminika cha maabara kinachokauka upesi.

Ni jana tu. Mnajua niko fildi kwenye kiwanda cha dawa hapa Dar, na mikono yangu mnaijua: nikiosha vyombo vya maabara siku mbili inapauka kama nimeshinda nachota chokaa. Basi asubuhi nikaiba losheni ya dada, ile ya pinki inayonukia stroberi, nikajipaka mpaka viwiko. Glavu zilikuwa zimeisha. (Mtauliza nilimwambia nani. Sikumwambia mtu.)

Kazi niliyopewa ni kupima methilparabeni, kihifadhi kinachozuia fangasi na bakteria wasihamie kwenye dawa ya kikohozi. Lebo inadai miligramu 1 kwa kila mililita. Unakitoa kwa etha, etha ikikauka unayeyusha kilichobaki kwa maji, unajaza kyuveti ya kwatsi, yaani kichupa chembamba cha pande nne, mashine inapitisha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 256 na kukwambia umemezwa kiasi gani njiani. Kyuveti ina pande mbili za ukungu za kushikia, na mbili angavu za kupitisha mwanga. Mimi nilishika zote nne. Kwa upendo.

Sampuli sanifu, yaani ile ya kulinganishia yenye kiasi sahihi cha kihifadhi, aliyoipima Mdomo, ilisoma 0.52. Yangu 0.73. Asilimia 140 ya kile lebo inachodai! Nikarudia: 0.78. Nikaweka maji matupu: 0.24, na grafu imepandisha kilima palepale kwenye 256. Jamani, maji yana kihifadhi! Nilijiona kabisa nikipewa cheti. Nikaingia kwa bosi bila hodi: "Mama, maji ya kiwanda yamechafuka."

Mama akaja. Akaja mtu wa maji, akaja wa uzalishaji, akaja na Mdomo ambaye hakuitwa. Maji mapya yakachotwa mbele ya mashahidi.

"Jaza, baba."

Nikajaza. Tone likabaki nje, nikalifuta kwa kidole. Kwa kidole, wapendwa. Ikasoma 0.31. Mtu wa maji akashika kiuno.

Mama akainama kwenye mashine. Akanusa. Akanigeukia, akanusa tena.

"Humu ndani nani ana stroberi?"

Kimya. Feni tu inazunguka. Nikanyoosha mkono, na harufu ikanyooka nao. Akasema nikailete. Kutoka pale hadi kwenye begi langu ni hatua kama ishirini, na viatu vilichagua siku hiyo kulia kwiyo, kwiyo. Nikarudi na chupa ya pinki nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

"Soma viungo. Kwa sauti."

Nikasoma. Maji. Gliserini. Parafini.

"Ongeza sauti, mwenzetu wa uzalishaji hasikii."

PARAFINI. Manukato. Jicho likafika mstari wa mwisho kabla ya mdomo, nikaliona neno limekaa limenisubiri. Nikakohoa. Nikarukia tarehe ya mwisho wa matumizi.

"Umeruka moja, baba."

Me. Thil. Pa. Ra. Be. Ni.

Mdomo alitoka nje mbio, mnajua kufanya nini. Mtu wa maji yeye hakucheka hata kidogo. Aliniuliza kwa upole: "Sasa mdogo wangu, utaniomba radhi mimi, au utayaomba maji?"

(Kwa wanaouliza: losheni ina maji ndani, kwa hiyo inawekewa kihifadhi isioze. Ningejipaka mafuta ya mgando ningechafua kyuveti tu, ila kile kilima cha 256 nisingekipata. Ushamba wa kutaka kunukia.)

Yaliyofuata ni mafupi. Nikanawa, kyuveti ikaoshwa kwa ethanoli na kufutwa kwa karatasi laini, maji yakasoma 0.00, dawa ikatoka asilimia 99, nikaandika maelezo ya kosa kurasa mbili. Leo zimeletwa boksi tatu za glavu, zote zina jina langu kwa kalamu nyekundu.

Mdomo, nimeona umenibadilisha jina kwenye grupu. Tutaonana. Na dada, kama unasoma: usiitafute chupa. Iko kwenye kabati la bosi, imebandikwa lebo ya kielelezo.