Cheti kisichohesabu miaka

Fundi seremala mmoja ninayemfahamu hatembei bila bahasha yake ya kaki. Ndani mna cheti cha ufundi alichofanyia mtihani gerezani, na picha za makabati aliyotengeneza tangu atoke. Majuzi alijaribiwa kazi kwenye karakana ya samani. Msimamizi alipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha droo, hakuona mwanya, akamwambia, "Kazi umepata. Jumatatu njoo na cheti cha maadili mema." Jumatatu hakwenda. Alivunja duka akiwa na miaka 19, akafungwa. Sasa ana miaka tisa nje.

Cheti chenyewe kila mtafuta kazi Kenya anakijua: shilingi 1,050, alama za vidole, kisha kungoja DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iseme kama una rekodi ya kosa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asikidai mpaka akusudie kukupa mkataba. Vijana wengi waliokolewa gharama. Fundi wangu yeye alipata tu kuonja kazi kabla ya kuikosa.

Waajiri hawana nia mbaya. Mwenye duka aliyeibiwa na mtunza pesa wake alibeba hasara hiyo peke yake. Na kwa aliyenajisi mtoto sina mjadala: asipewe kazi shuleni, leo wala baada ya miaka 30. Hata aliyefuja pesa za chama, sioni ubaya akinyimwa funguo za sefu.

Lakini hofu hizo kila moja ina kosa lake na kazi yake. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa na NCAJ, baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, mwanzoni mwa 2017 ulikuta makosa madogo yakichukua karibu asilimia 70 ya kesi. Humo mna mlevi aliyepiga kelele barabarani na mchuuzi asiye na leseni, wanaokiri haraka ili walipe faini warudi nyumbani. Mwajiri akiona tu kwamba rekodi si safi, hao nao huwekwa kapu moja na majambazi.

Tena hakuna anayeuliza: lini? Mwaka 2009 watafiti wa uhalifu Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walichapisha utafiti ninaourudia kila mara. Walifuatilia watu waliokamatwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980. Walitaka kujua, mtu akikaa bila kukamatwa tena, ni baada ya muda gani uwezekano wa yeye kukamatwa hulingana na wa wenzake wa rika lake. Kwa kijana wa miaka 18 aliyevunja na kuiba, miaka 3.8. Kwa unyang'anyi, 7.7. New York si Nakuru, na hapa tarakimu huenda zikawa nyingine. Lakini mwelekeo ni ule ambao mzazi yeyote ameuona kwa macho yake. Fundi wangu, aliyevunja duka, amepita ile miaka 3.8 mara mbili, na bado anasomwa kama yule kijana wa miaka 19.

Wapo wanaosema basi rekodi zifichwe kabisa. Hapo nasita. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 kwa waajiri wa New Jersey na New York City. Swali la rekodi lilipoondolewa kwenye fomu, pengo kati ya Wazungu na Weusi katika kuitwa kwa usaili liliruka kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri aliyezibwa macho alianza kubahatisha kwa rangi. Sisi tungebahatisha kwa mtaa: ukisema Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi, basi.

Kinachowezekana ni kuiwekea rekodi ukomo wa miaka. Uingereza ina sheria hiyo tangu 1974, na sasa aliyefungwa mwaka mmoja au chini ya hapo, akimaliza adhabu na kukaa miezi 12 bila kosa, halazimiki kuitaja hukumu yake kwa kazi nyingi. Kazi za watoto na wagonjwa zina utaratibu wake mkali.

Nambari za magari yetu hutengenezwa na wafungwa, gereza la Kamiti. Taifa linaikabidhi mikono hiyo kazi nyeti wakati wamefungwa. Wakitoka, karakana ya viti inawaogopa. Fundi wangu sasa anapiga randa kwenye kibanda cha jirani, kwa malipo ya kutwa. Bunge lingeandika miaka mitano kwa kosa kama lake, hata saba, Jumatatu ile angekwenda.